Ada Italipwa na Mteja

Mwanamke aliyekuwa mweka hazina wa halmashauri alikutwa asubuhi ya Ijumaa amelala chali kwenye zulia la ofisi yake, sweta la kiume limekunjwa chini ya kichwa, macho yamefumbwa. Angedhaniwa amejinyoosha kidogo kupumzisha mgongo, kama si damu iliyoganda nyuma ya sikio na bandeji nyeupe iliyozungushwa kichwani.

Mfagizi aliyemkuta alikuwa bado amekaa kwenye ngazi, fagio mapajani, meno yanamgongana.

Inspekta alimpita, akamshika bega kidogo, akaingia. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo. Polisi wenzake walimwita Afande Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku jiko la kituo liliposhika moto.

"Amepigwa na nini?"

"Na hiki, afande." Sajini alielekeza kalamu chini ya meza. Ulikuwa mhuri wa chuma, ule mzito wenye mkono, wa kubania karatasi za serikali. Pembe moja ilikuwa na damu na nywele.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa amepiga magoti kando ya mwili, anavua glavu.

"Pigo moja, kwa nyuma. Alikuwa amempa mgongo aliyempiga."

"Alikufa palepale?"

"Hapana. Alivuja damu kwa muda. Na mtu akahangaika kuizuia." Daktari alinyanyua ncha ya bandeji kwa koleo. "Tena si kwa kubahatisha. Shashi imekunjwa vizuri, bandeji imebana panapotakiwa. Ila fuvu lilikuwa limepasuka. Hapo hata mimi nisingefua dafu."

"Saa ngapi?"

"Jana jioni, baada ya watu kutoka kazini. Ukinibana niseme zaidi ya hapo nitakuwa napiga ramli."

Inspekta alizunguka chumba. Kompyuta ilikuwepo. Mkoba wa marehemu ulikuwepo, na hela ndani. Kasha la chuma halikuguswa. Kwenye meza ndogo ya dirishani palikuwa na glasi mbili, moja tupu, nyingine imejazwa nusu. Jagi lilikuwa limeanguka na zulia chini yake lilikuwa bado na unyevu.

"Alikuwa anammiminia mtu maji," alisema.

"Kwa hiyo anamfahamu," sajini akadakia.

"Anamfahamu, na hakumwogopa. Akampa mgongo. Huyo mtu akampiga, kisha akavua sweta lake, akalikunja, akamwekea kichwani. Akamfunga na jeraha." Inspekta alitazama uso wa marehemu. "Sajini, umeshaona jambazi wa kukodiwa anayetembea na bandeji?"

Sajini alikwenda langoni.

Mlinzi wa lango aliletwa. Alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Jana jioni alibaki nani ndani?"

"Wageni wote walitoka, afande. Kila mgeni naandika akiingia, naandika akitoka."

"Na wafanyakazi?"

"Wafanyakazi siandiki. Wanaingia, wanatoka, tunasalimiana."

"Kuna aliyekuja baada ya saa za kazi?"

"Wanakuja sana, afande. Huyu kasahau miwani, yule kasahau chaja. Mimi nakaa nyuma ya kibanda, redio inaongea. Siwezi kusema uongo."

"Umeshasema ukweli wa kutosha," Inspekta alimwambia. "Nenda kanywe chai."

Mkurugenzi wa halmashauri alikuwa na ofisi yenye viti vya ngozi na picha kubwa ya jengo lilelile walilokuwa wamekaa ndani yake. Alishaanza kupigiwa simu na madiwani. Aliigeuza simu kifudifudi mezani, ikaendelea kutetemeka.

"Jana mchana ulibishana na marehemu," Inspekta alianza.

"Nani kakwambia?"

"Korido nzima ilisikia, mheshimiwa."

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Ni mambo ya kazi. Mashine za kadi."

"Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

"Zamani watu walilipa fedha taslimu. Ushuru, maji, leseni, hospitali yetu, kila kitu. Wakusanyaji wakatuibia mchana kweupe. Nikapiga marufuku taslimu, tukaleta mashine za kadi. Wizi ukaisha."

"Halafu?"

"Halafu makato. Kila mtu akichanja kadi, kampuni ya mashine inakata chake. Halmashauri ilikuwa inayabeba makato hayo yenyewe. Mwaka ulipoisha tukakuta yamekula bajeti yote ya taa za barabarani. Madiwani wakaja juu. Ikabidi mzigo umwangukie mteja. Ukilipa, unaongezewa ada ya kadi."

"Tangazo la ada hiyo lina saini ya mweka hazina."

"Ndiye mwenye dhamana ya fedha."

"Aliliafiki?"

Mkurugenzi alitazama picha ya jengo. "Alipiga hesabu kama alivyoagizwa. Baadaye akaanza kunisumbua. Kila wiki. Jana alikuja na benki nyingine, eti makato yake nusu ya haya. Akataka wafanyabiashara wakubwa walipie leseni kwa kuhamisha fedha benki kwa benki, wasiguse mashine kabisa, kwa sababu hao ndio wanaoyapandisha makato. Tukiokoa pale, hospitali na maji vifutiwe ada. Na dirisha moja la taslimu lirudishwe."

"Ni wazo baya?"

"Si baya. Lakini mkataba wa mashine una faini tukiuvunja."

"Mkataba aliusaini nani?"

Simu ilitetemeka hadi ukingoni mwa meza. Mkurugenzi akaidaka.

"Mimi," alisema.

Wakala wa kampuni ya mashine alikuwa kijana wa suti ya kubana, midomo imezoea kucheka. Pale halmashauri walimwita Tabasamu. Siku hiyo tabasamu lilikuwa linakuja na kukatika kama umeme wa mgawo.

"Marehemu angefanikiwa, ungepoteza nini?" Inspekta alimuuliza.

"Kazi," Tabasamu alisema. "Nyumba niliyopanga. Gari ni la kampuni. Afande, mimi ningelia, lakini kuua..."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nazunguka na gari. Peke yangu. Nilikuwa nimechanganyikiwa."

Sajini alimtazama Inspekta kwa macho ya kumaanisha kazi imekwisha. Inspekta akafungua sanduku la huduma ya kwanza la ofisi, akatoa bandeji mpya.

"Mfunge sajini kichwa."

"Nini?"

"Mfunge. Fanya kama ameumia nyuma ya sikio."

Tabasamu alizungusha bandeji kwa mikono iliyojaa jasho. Ilianza kwenye paji la uso, ikashuka puani, ikaishia shingoni. Sajini alibaki na jicho moja.

"Afande, nikikaa hivi dakika mbili nitahitaji kuzikwa," alinung'unika.

"Mwache huyu kijana aende nyumbani," Inspekta alisema. "Asitoke nje ya mji."

Mchana, mkuu wa kituo alipiga simu. Alitaka jina. Mtu mwenye sababu yupo, hana pa kujitetea, sasa wanasubiri nini?

"Nasubiri aliyejua kufunga bandeji, mkuu."

"Afande Taratibu, hii si siku ya utaratibu."

"Naelewa, mkuu."

Akakata simu, akavaa kofia, akaenda chumba cha maiti.

Daktari alikuwa amemtengea shashi kwenye sahani ya bati. Ilikuwa na rangi ya manjano kwa ndani. "Imepakwa dawa kabla," alisema. "Hii haiuzwi hivi dukani. Mtu ameikata kwa mkasi, akaipaka, akaikunja, akaihifadhi kwenye mfuko safi. Ni ya vidonda vya mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu. Mgongoni, kwenye nyonga."

"Muuguzi?"

"Muuguzi angetumia plasta. Hili fundo la pembeni sijawahi kuliona hospitalini. Lakini nenda kaulize wodi ya wagonjwa wa kudumu. Yule muuguzi mkuu wao ana mambo yake."

Muuguzi mkuu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi. Alipoona picha ya lile fundo, sauti ikashuka.

"Hili ni langu."

"Lako kivipi, mama?"

"Nalifundisha mimi. Linakaa ubavuni, mgonjwa asililalie. Wengi wanauguziwa nyumbani siku hizi, vitanda havitoshi. Nawaita ndugu zao, nawafundisha kukata shashi, kupaka dawa, kugeuza mgonjwa. Hawa wanangu wa mafunzo nao nawafundisha. Wao hawashiki. Ndugu wa mgonjwa anashika siku ileile, maana anajua akikosea ni mtu wake."

"Kati ya ndugu uliowafundisha, kuna anayefanya kazi halmashauri?"

Muuguzi aliketi. Aliketi kabla hajajibu, na Inspekta akajua jibu lipo.

"Afande, yule si mtu wa kuumiza kuku."

"Nani, mama?"

"Mchora ramani. Wa ofisi ya ardhi. Mkewe alikuwa na mapafu mabovu, akawa hawezi kunyanyuka. Karibu mwaka mzima yule baba anamwogesha, anamgeuza, anamfunga vidonda. Alikuja hapa kila mara kuchukua dawa, mfuko wa shashi haumtoki begani. Sijamwona mwanamume wa namna ile." Alijifuta macho kwa kiganja. "Tumemzika mkewe wiki iliyopita."

"Alikufa kwa nini?"

"Oksijeni iliisha nyumbani. Mtungi mwingine ulichelewa."

"Ulichelewa wapi?"

"Hospitalini ilikuwepo. Mitungi ilijaa stoo. Unalipia kule halmashauri, unaleta risiti, unapewa. Kwa nini ulichelewa, sikumuuliza. Msibani mtu utauliza nini?"

Ofisi ya ardhi ilikuwa ghorofa moja na ya mweka hazina, korido ileile.

Ukumbi wa malipo ulikuwa chini. Watu walikaa kwenye mabenchi ya mbao wakishika namba zao. Juu ya kila dirisha kulikuwa na tangazo lililopigwa chapa kwa herufi nene: ADA YA KADI ITALIPWA NA MTEJA. FEDHA TASLIMU HAZIPOKELEWI. ANKARA MOJA, KADI MOJA. Chini, saini ya mweka hazina, safi, herufi zinasomeka zote.

Karani wa dirisha la hospitali alikuwa binti wa macho makubwa. Inspekta alimwomba afunge dirisha. Wakaingia chumba cha nyuma, chenye maboksi ya karatasi za mashine na kiti kimoja. Inspekta akamkalisha binti, yeye akasimama.

"Mchora ramani alikuja kulipia mtungi."

Binti akaanza kulia papo hapo, kama aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

"Nieleze, mdogo wangu. Taratibu."

"Alikuja tumefungua tu. Alikuwa na mtungi mtupu kwenye teksi, nje. Akatoa kadi. Mashine ikasema salio halitoshi. Akasema haiwezekani, nimeangalia jana, hela ya mtungi ipo. Na kweli ilikuwepo. Hela ya mtungi ilikuwepo yote. Ada ndiyo haikuwepo."

"Ilipungua kiasi gani?"

"Bei ya soda, afande."

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Huko ukumbini mtu alikuwa akilalamika kwa sauti kwamba dirisha limefungwa na foleni haiendi.

"Akatoa sarafu mfukoni," binti aliendelea. "Nikamwambia baba, sipokei taslimu, mashine haina pa kuzitia. Nikachukua kadi yangu mimi, nikataka nimwongezee. Mashine ikakataa. Ankara moja, kadi moja. Nikamwambia apande juu kwa mweka hazina, yeye anaweza kuandika msamaha. Akapanda mbio. Akakuta mlango wa kikao umefungwa. Mweka hazina yuko ndani na mkurugenzi. Katibu akamzuia."

"Kikao cha nini?"

"Cha hizohizo ada, afande. Nilikuja kujua baadaye."

Inspekta alifumba macho kidogo.

"Alikaa kwenye benchi la nje akisubiri. Kisha akashuka, akaenda nyumbani mara moja, akarudi akipigia watu simu. Rafiki yake mmoja akamtumia kwenye akaunti, ikachelewa kuingia. Mchana hivi ikaingia. Akachanja kadi, ikakubali. Akanishukuru, afande. Mimi nikampa risiti, akanishukuru. Alipofika nyumbani mkewe alikuwa ameshaondoka."

"Mbona hukusema asubuhi polisi walipowahoji wote?"

"Ningesemaje? Mimi ndiye niliyemkatalia."

Nyumba ya mchora ramani ilikuwa ya vyumba vitatu, ukuta wa nje umepigwa chokaa nusu. Kwenye kamba palianikwa mashuka, mengi kuliko ya watu wawili. Bibi mmoja mwembamba, aliyevaa nguo nyeusi, aliwafungulia mlango Inspekta na sajini.

"Karibuni. Mmekuja kutoa pole?"

"Shikamoo, mama. Sisi ni polisi."

"Marahaba." Bibi hakushtuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kushtuka kwa mwaka mzima. "Mkwe wangu yuko ndani. Hali chakula, halali usingizi. Labda nyie atawasikia."

Aliwaonyesha mlango wa chumba, mwenyewe akapita upande wa pili wa pazia, jikoni. Wakasikia maji yakimiminwa kwenye sufuria.

Mchora ramani alikuwa amekaa kwenye kitanda kilichovuliwa godoro, juu ya mbao. Mtungi wa oksijeni ulisimama pembeni, umejaa, kifuniko chake hakijafunguliwa. Alikuwa mtu mzima wa vidole virefu, vyenye madoa ya wino yasiyotoka. Alivaa shati jepesi ingawa kulikuwa na baridi.

"Sweta lako liko wapi?" Inspekta alimuuliza.

Alitazama mikono yake. "Mnalo nyinyi."

Sajini alifungua daftari. Inspekta alimsomea onyo: hakulazimika kusema lolote, atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Mchora ramani aliitikia kwa kichwa kila kituo, kama mtu anayehakiki vipimo.

"Nimeelewa," alisema. "Nimemuua mweka hazina."

"Kwa kukusudia?"

"Nilipanda zile ngazi kumuuliza swali. Sikubeba kitu zaidi ya mfuko wangu wa shashi. Mpaka leo ninaubeba. Nikiuacha nahisi nimesahau kitu."

"Swali gani?"

"Nani alipiga hesabu ya ile ada. Nilitaka kumjua mtu. Tangu mazishi nilikuwa nawaza, haiwezekani iwe imejipanga yenyewe. Kuna mtu alikaa kwenye kiti, akaandika ile tarakimu. Nilitaka nimwone uso."

"Akakujibu nini?"

"Alinikaribisha. Akanipa pole. Akasema, 'Kaa, kaka, unywe hata maji.' Nikamuuliza nikiwa nimesimama. Akanitazama, akasema, 'Mimi. Niliipiga mimi.' Basi. Akageuka kumimina maji."

Jikoni kulikuwa kimya.

"Hakutafuta kisingizio," aliendelea. "Angesema ni kikao, angesema ni mkurugenzi, ningeondoka. Nilikuwa nimeshazoea kuambiwa ni utaratibu, ni mfumo, ni mashine. Yeye akasema ni mimi, halafu akageuka kama tumemaliza. Ule mhuri ulikuwa mezani karibu na mkono wangu. Sikumbuki kuunyanyua. Nakumbuka uzito wake wakati unashuka."

"Halafu?"

"Halafu alikuwa chini, analalamika kidogo, kama mke wangu alivyokuwa analalamika nikimgeuza. Nikapiga magoti. Nikafungua mfuko. Mikono ikafanya yenyewe. Nikamwambia, usilale, usilale, dada. Akanishika kidole. Hakusema kitu. Nilikaa naye mpaka akaniachia."

"Hukuita msaada."

"Simu ilikuwa mezani." Alikunja vidole, akavikunjua. "Niliogopa. Naomba liandikwe. Nilimfunga jeraha, lakini sikuita mtu, kwa sababu niliogopa."

Sajini aliandika. Inspekta alivuta kigoda, akaketi mbele ya mchora ramani, magoti yao yakakaribiana. Angeweza kunyamaza. Maelezo yalikuwa yametosha kwa mahakama yoyote.

"Kuna jambo utalisikia mahakamani kwa wanasheria," alisema. "Bora ulisikie kwangu. Ile hesabu aliagizwa. Asubuhi ile uliyokaa kwenye benchi, kule ndani alikuwa anapigania ada ifutwe hospitalini. Na jana mchana, siku uliyomfuata, alikuwa amerudi tena kwa mkurugenzi. Alikwisha kupata benki ya bei nafuu. Alitaka dirisha la taslimu lirudi. Korido nzima ilimsikia akigombana."

Mchora ramani aligeukia mtungi.

"Sauti niliisikia," alisema taratibu. "Siku ile ya benchi. Sauti ya mwanamke, anafoka. Nikadhani anawafokea watu kama mimi."

Akainama. Mabega yakaanza kutikisika bila sauti. Alijifunika uso kwa vile vidole virefu na kukaa hivyo, na sajini akageukia dirisha, akajifanya anatafuta kalamu nyingine.

Alipoinua uso alisema, "Afande, naomba kitu kimoja. Mama mkwe hajui. Nilimwambia oksijeni iliisha hospitalini, kwamba tulisubiri gari lilete mitungi. Yeye ndiye aliyekuwa amemshika mwanawe mkono nikiwa sipo. Andikeni mtakavyo, nifungeni mtakavyo, lakini asijue kwamba binti yake alikufa kwa bei ya soda."

Pazia likasogea.

Bibi alikuwa amesimama hapo, kitambaa cha jikoni mkononi. Hakuna aliyejua amesimama kwa muda gani. Maji yalikuwa yanachemka nyuma yake na hakuna aliyeyaepua.

"Ulipungukiwa hela," alisema.

"Mama..."

"Ulipungukiwa hela ukaenda kuomba kwa rafiki."

"Kadi yangu ilikataa, mama. Taslimu hawapokei. Walitaka kadi nyingine yenye hela yote."

"Mimi nina kadi." Sauti ya bibi haikupanda. "Ya pensheni ya baba yenu. Malipo ya mwisho wa mwezi yalikuwa yameingia, sijagusa hata senti. Iko kwenye mkoba, na mkoba unakaa pale mlangoni, kwenye msumari. Ulipita chini yake ukitoka na mtungi. Ukarudi nyumbani mara moja, nilikuona, ulikuja kuchukua namba ya rafiki yako kwenye kijitabu. Ukapita chini yake mara ya pili."

Mchora ramani alisimama. Alisimama mbele ya mama mkwe wake kama mtoto.

"Niliuona," alisema.

"Uliuona."

"Niliuona mkoba, mama. Nilisimama. Niliwaza kukuomba. Siku ya posa ulisema mchora ramani atamlisha binti yako karatasi. Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Nikajiapiza sitakuja kukuomba kitu. Umeuza kiwanja chako kwa ajili ya matibabu, na hilo sikukuomba, ulitoa mwenyewe. Nikaona kukuomba tena, kwa ajili ya pungufu ndogo vile... Niliona aibu. Nikasema nitapata kwa rafiki, haitachukua muda. Haikutakiwa ichukue muda."

Akamgeukia Inspekta. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu sasa.

"Ndiyo maana nilimtafuta mtu, afande. Nilikuwa natafuta mtu mwingine wa kumlaumu, kabla sijajilaumu mwenyewe. Yule dada akasema ni mimi, na mimi nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini."

Sajini alikuwa ameacha kuandika. Inspekta akamwashiria aendelee, naye akainamia daftari tena.

Pingu zilifungwa. Mikono ya mchora ramani ilikuwa myembamba, ikabidi sajini azibane hadi jino la mwisho. Bibi aliangalia kila kitu bila kusogea. Hakumlaani wala hakumgusa. Walipofika mlangoni ndipo alipoita.

"Wewe mwanamke. Afande."

"Naam, mama."

"Huyo aliyeuawa. Ana mama?"

"Anaye. Yuko kituoni tangu asubuhi. Amekataa kukalishwa."

"Yuko na nani?"

"Yuko peke yake."

Bibi alirudi jikoni, akazima jiko. Kisha akainama chini ya kitanda kisicho na godoro, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Nisubirini," alisema. "Nakwenda kwake."